Pengo Kwenye Faili: Uzembe wa Chumba cha Dharura Unathibitishwa Vipi?

Machimbo ya diatomaiti ya Kariandusi yana hatari zake, lakini hatari ya kila siku ni barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inayopita jirani: malori ya mizigo yanayoelekea Malaba, matatu zinazokimbizana na muda, pikipiki zinazovuka gizani bila taa. Aliyeokotwa hapo hukimbizwa Gilgil, ambako ni karibu, au hupelekwa moja kwa moja Nakuru, mwendo wa yapata kilomita 30, kwenye hospitali ambayo siku hizi jina lake rasmi ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti lakini watu bado wanaiita PGH. Wengi hutibiwa wakapona. Wapo wasiopona, na baadhi ya jamaa zao hurudi nyumbani na sentensi moja watakayoirudia matangani, kwa chifu, kwa wakili na hatimaye mbele ya hakimu: "Walimwacha tu pale kwenye benchi."

Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli tupu na kesi bado ikaanguka. Mahakama haitosheki kusikia kwamba mgonjwa aliachwa. Itataka kujua aliachwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani, mwenye cheo gani, huku dalili zipi zikionekana, na kama asingeachwa angepona. Majibu ya maswali hayo yamo kwenye makaratasi, na makaratasi yamo mikononi mwa yule anayeshtakiwa. Hilo ndilo tatizo kuu la kesi hizi. Ndipo pia ninapoona kwamba sheria ya Kenya inampa mlalamikaji nguvu kubwa kuliko anazoambiwa, nguvu ambazo wengi huzisikia muda ukiwa umeshapita.

Kwanza, wajibu wenyewe. Hapa ubishi ni mdogo. Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikaeleza matibabu hayo ni nini: huduma ya kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa pale kituo cha kwanza kisipokuwa na vifaa au utaalamu. Kituo chenye uwezo kikishindwa kutoa huduma hiyo kinatenda kosa la jinai, na faini yake inafika shilingi milioni 3. Kwa hiyo hospitali ndogo isiyo na mashine ya skani haina hatia kwa kukosa skani. Hatia yake huanza pale inapojua haina, mgonjwa ana jeraha la kichwa na fahamu zinamtoka, na ikakaa naye hadi alfajiri bila kuita ambulensi wala kupiga simu Nakuru.

Nchi hii ilishaona matokeo ya wajibu huo kupuuzwa. Mwezi Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na gari alitolewa Kikuyu kwa sababu alihitaji kitanda cha wagonjwa mahututi, akazungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa muda wa saa 18 hivi. Kusikokuwa na kitanda, aliambiwa hakuna kitanda. Kulikokuwa na kitanda, familia iliombwa kwanza amana ya shilingi 200,000. Alifariki. Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imekutana na jambo kama hilo mwaka 1996, katika shauri la mfanyakazi aliyeanguka kutoka kwenye treni huko Bengali Magharibi na kukataliwa na hospitali kadhaa za serikali, moja baada ya nyingine, kwa madai kwamba vitanda vimejaa au vifaa havipo. Mahakama hiyo ilisema serikali haiwezi kujificha nyuma ya uhaba wa fedha roho ya mtu inapokuwa hatarini, ikaamuru alipwe fidia. Mahakama zetu hulitaja shauri hilo, ingawa zinatofautisha dharura na ugonjwa wa muda mrefu: mwaka 2015, wagonjwa wa figo walipoiomba Mahakama Kuu iilazimishe Wizara ya Afya kuwapa huduma ya kusafisha damu, hawakufanikiwa. Majeruhi wa barabarani hana tatizo hilo. Yake ni dharura ya wazi.

Ugumu huanza kwenye hatua ya pili, kuonyesha kwamba aliyekuwa zamu alifanya chini ya kiwango. Kipimo tulichorithi ni cha shauri la Bolam la Uingereza la mwaka 1957: daktari hana hatia ikiwa alifanya kile ambacho kundi la madaktari wenye kuaminika wa fani yake wangekikubali. Baadaye, katika shauri la Bolitho, mabwana wa sheria, yaani majaji wa ngazi ya juu kabisa wa Uingereza wakati ule, waliongeza kwamba kukubaliwa na wenzake hakutoshi. Kukubaliwa kwenyewe lazima kuwe na mantiki. Katika Afrika Mashariki, Mahakama ya Rufani ya wakati ule ilishasema kwenye shauri la Kasozi la mwaka 1974 kwamba anayejitangaza kuwa na ujuzi wa taaluma anapaswa kuwa nao kwa kiwango cha kuridhisha. Hivyo kumwonyesha hakimu kwamba matokeo yalikuwa mabaya hakusaidii kitu, maana wagonjwa hufa mikononi mwa madaktari bora. Wala kumwonyesha kwamba daktari alikosea uamuzi hakutoshi. Ni lazima kosa liwe lile ambalo mwenzake makini, akiwa zamu usiku huohuo na msongamano uleule, asingelifanya.

Haya ya msongamano yasipuuzwe. Chumba cha dharura si kliniki ya kuandikiana miadi. Nesi anaweza kuwa na majeruhi sita wa matatu moja, mtoto mwenye degedege na mlevi anayepigana na askari, wote kwa wakati mmoja, na ni haki mahakama kumpimia kwa mizani ya hali hiyo. Lakini msongamano una utaratibu wake, na utaratibu huo ni kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, si kwa foleni. Hospitali isiyompima kabisa anayeingia ili ijue ni nani asubiri na ni nani asisubiri haiwezi kuufanya wingi wa watu kuwa kinga. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la mtu aliyeingia hospitalini huko Croydon akiwa amepigwa kichwani. Karani wa mapokezi alimwambia angengoja saa nne au tano. Hakumwambia kwamba nesi angemtazama ndani ya nusu saa. Alikaa dakika 19, akaondoka, akazidiwa nyumbani na kupata ulemavu wa kudumu wa ubongo. Mahakama iliona hospitali ina hatia, na kwamba haijalishi aliyetoa taarifa potofu ni karani na si daktari. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Nakuru, ila unaweza kuishawishi. Na jambo lenyewe ni la kila siku kwetu: mgonjwa hufukuzwa na maneno ya dirishani kabla hajaonwa na yeyote mwenye ujuzi.

Sasa tuliangalie faili kwa karibu. Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wenye kufanana na mengi. Mwendesha bodaboda anaanguka karibu na njia ya kuingilia Kariandusi, mpini wa pikipiki unampiga mbavu za kushoto. Damu haionekani. Anafika hospitali ya kwanza akitembea, ameshikwa bega na mwenzake. Karatasi ya mapokezi inasema saa 2:15 usiku, presha 104 kwa 66, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, maumivu ya tumbo upande wa kushoto juu. Klinika ofisa anaandika sindano ya kutuliza maumivu na maneno "apumzike, aangaliwe". Mstari unaofuata ni wa saa 5:45 usiku: presha 70 kwa 40, mapigo 148, amepauka, jasho baridi. Ambulensi inaitwa. Njia ya kwenda Nakuru inampitisha palepale alipoangukia, na kabla ya kufika mjini amekata roho. Upasuaji wa maiti unakuta bandama imepasuka na tumbo limejaa damu.

Asiyejua ataona kosa ni kutopasuliwa mapema. Mwenye jicho la kesi ataona jambo jingine: kati ya saa 2:15 na saa 5:45 hakuna kipimo hata kimoja kilichoandikwa. Mapigo ya 112 kwa mtu mzima aliyetulia ni ya juu, kwani kawaida ni kati ya 60 na 100, na kwa majeruhi wa tumbo hiyo ni ishara kwamba moyo unakimbizana na damu inayopotea. Presha huwa ya mwisho kushuka kwa kijana mwenye nguvu. Mapigo ndiyo hutangulia kupanda. Aliyeandika "aangaliwe" alikuwa sahihi kabisa. Hakuna ushahidi kwamba aliangaliwa. Pengo hilo la saa tatu na nusu ndiyo kesi yenyewe, na limeandikwa, au tuseme limeachwa bila kuandikwa, kwa mkono wa hospitali.

Bado hatujamaliza, kwa sababu hatua ya tatu ndiyo inayoua madai mengi: je, uzembe ndio uliosababisha kifo? Hakuna shauri linalofundisha jambo hili kwa ukali kuliko la Barnett. Asubuhi ya Januari 1, 1966, walinzi watatu wa usiku wa chuo kimoja jijini London walikunywa chai, wakaanza kutapika. Walikwenda wenyewe chumba cha dharura. Daktari wa zamu hakuwaona. Kupitia simu ya nesi aliagiza waende nyumbani, wawaite madaktari wao. Mmoja alifariki mchana uleule. Chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ilisema bila kusita kwamba daktari alizembea. Kisha ikamnyima mjane fidia, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata angelazwa mara moja, dawa ya kuzima sumu isingemfikia kwa wakati. Miaka yapata 20 baadaye, katika shauri la Hotson la mwaka 1987, mabwana wa sheria walikataa pia madai ya kijana aliyeanguka kutoka mtini na hospitali ikakosa kuona jeraha la nyonga kwa siku tano. Nafasi yake ya kupona, hata angegunduliwa mapema, ilikuwa asilimia 25 tu, na kisheria 25 haifiki nusu.

Kwa hiyo yule wa bandama na mwingine mwenye jeraha baya la ubongo hawana kesi moja, hata kama wote wawili waliachwa kwenye benchi lilelile kwa saa zilezile. Bandama iliyopasuka ni jeraha ambalo daktari wa upasuaji hulitibu, na mgonjwa aliyeingia akitembea na presha ya 104 ana nafasi nzuri akifika theta mapema. Wakili atahitaji kuhesabu: rufaa ikitolewa saa 3 usiku, ambulensi dakika kadhaa kufika, barabara hadi Nakuru, kuandaliwa theta, damu ya kuongezewa ipo au haipo. Akionyesha kwamba kwa hesabu hiyo mgonjwa angekuwa mezani kabla ya saa 5:45, kisababishi kimesimama. Kwa jeraha baya la ubongo, mtaalamu wa upande wa pili atasema hata angefika ndani ya dakika kumi angekufa, na huenda akawa anasema kweli. Familia inastahili kuambiwa jambo hili siku ya kwanza ofisini kwa wakili. Kulisikia kwenye hukumu baada ya miaka mitano ni ukatili.

Turudi kwenye makaratasi. Nimesikia mara nyingi jamaa wakisema hospitali "ilikataa na faili", kana kwamba faili ni mali ya hospitali peke yake. Karatasi inaweza kuwa yake. Taarifa ni za mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuziona taarifa zake binafsi, na kanuni zake za 2021 zinamtaka mwenye kuzishika aitikie ombi ndani ya siku saba, bila malipo. Asipoitikia, kuna Kamishna wa Data, ambaye anapaswa kumaliza uchunguzi wa malalamiko ndani ya siku 90. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinaongeza nguvu: ofisi ya umma ina siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Mgonjwa akiwa hai, aombe kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akiwa amefariki, msimamizi wa mirathi ndiye aombe, na ibara ya 35 ndiyo njia salama zaidi. Barua hiyo itaje vitu kwa majina: karatasi ya mapokezi, chati ya vipimo, chati ya dawa na maji ya mshipani, maelezo ya manesi, kitabu cha zamu, fomu ya rufaa, kumbukumbu za ambulensi, picha za eksirei na za tumbo. Ombi la "faili lote" huleta karatasi mbili za muhtasari. Na liandikwe mapema, kwa sababu pengo la saa tatu na nusu lina tabia ya kujazwa kwa wino mpya mtu akishasikia neno "wakili".

Na ikiwa faili "limepotea"? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokata tamaa. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, humwekea mlalamikaji mzigo wa kuthibitisha, na mawakili wa hospitali hukisoma kwa sauti kubwa. Ni nadra wakasoma hadi kifungu cha 112, kinachosema kwamba katika kesi za madai, jambo linalojulikana hasa na upande mmoja, upande huo ndio wenye mzigo wa kulithibitisha au kulikanusha. Nani mwingine duniani anayejua kilichofanyika nyuma ya pazia la chumba cha dharura kati ya saa 2:15 na saa 5:45 usiku? Mgonjwa amekufa. Mwenzake aliyemleta alizuiwa getini. Kwa maoni yangu, hospitali isiyoleta chati ya vipimo isipewe faida ya shaka; mahakama ichukulie kwamba chati hiyo, kama ingekuwepo, isingeisaidia. Kuamua vinginevyo ni kumzawadia anayepoteza makaratasi na kumwadhibu anayeyatunza, na manesi wengi waaminifu wa kaunti hii huyatunza usiku kucha kwa kalamu waliyoinunua wenyewe.

Kuna wanaotegemea ile kanuni kwamba jambo linajieleza lenyewe. Inafaa pale kitambaa cha upasuaji kinapokutwa tumboni mwa mtu. Kwa chumba cha dharura haifiki mbali, maana mgonjwa aliingia akiwa tayari ameumia, na kifo chenyewe kina maelezo mengine yanayowezekana.

Kwa sababu hiyo shahidi mtaalamu hana mbadala. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni yake, na kesi nyingi zimetupwa kwa kumkosa. Kumpata ndiyo shida. Madaktari wa Bonde la Ufa wanafahamiana. Walisoma pamoja, wanapelekeana wagonjwa, kesho huyu atakuwa bosi wa yule. Mara nyingi wakili hulazimika kumtafuta nje ya kaunti, na mtaalamu huyo anataka ada kabla ya kulifungua faili. Mkataba wa wakili kulipwa pale tu anaposhinda, au kwa fungu la fidia, haukubaliki chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, hivyo gharama hii inaiangukia familia ambayo imetoka kuchanga ya mazishi. Na wakili asilete daktari yeyote tu. Wa kumpima klinika ofisa wa chumba cha dharura cha hospitali ndogo ni mtu anayeijua kazi hiyo. Profesa wa upasuaji wa ubongo ataulizwa ni lini mara ya mwisho alikaa zamu bila skani, na ushahidi wake utalegea.

Lingine la mapema ni maiti. Bila upasuaji wa maiti, bandama iliyopasuka ni uvumi. Naelewa familia inayotaka kuzika upesi, na zipo imani ambazo kwazo kuchelewesha maziko ni mtihani mkubwa. Lakini ukishazika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama na mwili umeshaanza kupoteza lugha yake. Waombe daktari mtaalamu wa maiti, na ikiwezekana awepo daktari wao pembeni akitazama. Ajali ya barabarani tayari ina OB polisi, kwa hiyo upasuaji huo una njia rasmi ya kufanyika.

Kisha kuna saa ya ukutani ya sheria, inayowaangusha wengi kuliko daktari yeyote. Madai ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu chini ya Sura ya 22 ya sheria za Kenya, na mahakama inaweza kuongeza muda pale mtu alipokuwa hajui mambo ya msingi ya kesi yake. Watu wengi wanaijua miaka hiyo mitatu. Wasichojua ni kwamba dhidi ya serikali, Sura ya 39 inatoa miezi 12 pekee. Hospitali za umma za Gilgil, Naivasha na Nakuru ziko chini ya serikali ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na mlalamikiwa ni Serikali ya Kaunti ya Nakuru. Anayeumizwa kwenye hospitali ya misheni au ya binafsi ana miaka mitatu. Aliyeumizwa kwenye ya kaunti asubiri kwa hatari yake, ahesabu miezi 12. Sioni haki katika tofauti hiyo. Maskini ndiye anayekwenda hospitali ya umma, ndiye anayechelewa kumpata wakili, na ndiye aliyepewa theluthi ya muda. Tena kwa aliyefariki, dai la mirathi haliwezi kufunguliwa kabla ya mahakama kutoa barua za usimamizi, hata zile za muda za kuendesha kesi peke yake, na barua hizo nazo hula wiki ndani ya miezi ileile.

Aliyepitwa na muda hajafungiwa kila mlango. Ombi la kikatiba halina ukomo ulioandikwa, ingawa jaji ataulizia sababu ya kuchelewa. Mama mmoja aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013, akapigwa makofi na manesi, alikwenda Mahakama Kuu kwa njia hiyo, na Machi 2018 akaamuliwa fidia ya shilingi milioni 2.5 kwa kuvunjiwa haki na utu wake. Njia hii inafaa pale mtu aliponyimwa huduma au kudhalilishwa. Pale ubishi ni wa kitaalamu, dozi ipi na saa ngapi, majaji hupenda kesi ya kawaida ambamo mashahidi wanahojiwa.

Njia nyingine ni Baraza la Madaktari, na kwa klinika ofisa na nesi, mabaraza yao wenyewe. Wengi hudhani kulalamika huko ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume, mradi mtu asisahau kwamba malalamiko hayasimamishi saa ya ukomo. Baraza linaweza kuita faili, kuwahoji wahusika na kutoa uamuzi wa wataalamu, bila mlalamikaji kumlipa mtaalamu hata senti. Uamuzi huo hauifungi mahakama, na baraza si mahali pa kutafuta fidia kubwa. Kazi yake ni leseni na nidhamu. Ila maelezo ambayo daktari aliyatoa huko, akiwa hajajipanga na wakili wa bima, yana thamani kubwa siku ya kuhojiwa kizimbani.

Kwa majeruhi wa barabara hii kuna utata wa ziada. Aliyemgonga naye yupo, na bima yake ipo. Dereva hatoki kwenye hatia kwa sababu tu hospitali nayo ilizembea, na hospitali haitoki kwa sababu dereva ndiye aliyeanza. Wote wawili huweza kuunganishwa katika kesi moja, kila mmoja akabeba fungu lake. Hatari iko kwenye ile karatasi ya bima ambayo jamaa husaini ili walipwe haraka, ikisema madai yote yanayotokana na ajali yamekwisha. Hospitali itaidaka karatasi hiyo na kudai kwamba hasara imeshalipwa. Isisainiwe kabla wakili hajaisoma.

Mwisho kuna malipo. Gharama za hospitali na ambulensi ni lazima zitajwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe kwa risiti. Jaji hana ruhusa ya kuzikisia. Na aliyeshinda dhidi ya kaunti hawezi kumtuma dalali akamate magari yake, kwa sababu Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, kifungu cha 21, inazuia. Atachukua hati ya amri ya mahakama, aipeleke kwa ofisa mkuu wa fedha, asubiri, na asipolipwa arudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha ofisa huyo alipe. Ni kesi juu ya kesi. Mteja anapaswa kuijua safari hiyo yote kabla ya kukataa suluhu ya mapema, maana kiasi kidogo kinacholipwa na bima ya hospitali ya misheni mwaka huu, na hukumu kubwa dhidi ya kaunti itakayolipwa nani ajuaye lini, havipimwi kwa tarakimu pekee. Lakini suluhu nzuri hupewa mwenye faili mkononi. Hospitali ikijua kwamba familia haina chati wala ripoti ya upasuaji wa maiti, haina sababu ya kukaa mezani.